Matembezi na Mnyama wa Mizigo katika Nchi ya Chai: Kiongozi, Hatamu na Msamiati wa Msafara

Utangulizi

Wahenga hawakuafikiana kuhusu matembezi. Upande mmoja walisema mtembezi hula miguu yake. Upande wa pili wakasema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Methali ya kwanza inamwona mtembezi kuwa mtu anayejichosha pasipo faida. Ya pili inamwachia matumaini ya kuokota jambo njiani. Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya hizo iliyotazamia mtu atakayelipa ada ili atembezwe, seuze kulipa ada ili atembee akiwa ameshika kamba ya mnyama aliyetoka milima ya Andes. Ndivyo ilivyo leo Uingereza, Ujerumani na Marekani, ambako matembezi ya kuongozwa pamoja na lama na alpaka yamekuwa shughuli ya kawaida ya mapumziko mashambani.

Makala haya yanaeleza shughuli hiyo kwa ufupi, kisha yanaitazama kutoka nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Huko nako mgeni hutembezwa kwa miguu baina ya mashamba, ila mnyama wa mizigo anayepishana naye njiani ni punda. Hoja inayotetewa ni kwamba Kiswahili hakihitaji kuombaomba maneno ili kuieleza shughuli hii. Msamiati wake upo tangu enzi ya misafara ya karne ya 19. Tatizo ni kwamba msamiati huo ulizaliwa mabegani mwa watu, na kila anayeutumia upya hukumbana na maswali mawili ya zamani: ni nani anayebeba mzigo, na ni nani anayeisimulia njia?

Lama na alpaka

Lama na alpaka ni wa jamii moja na ngamia. Mababu wa jamii hiyo walitokea Amerika ya Kaskazini. Baadhi wakavuka kuingia Asia na hatimaye Afrika, wengine wakateremka hadi Amerika ya Kusini. Waliokwenda kusini hawana nundu, lakini udugu unaonekana: hucheua, wana vidole viwili kwa kila mguu, na nyayo zao ni laini, kwa hiyo hawaichimbui njia kama afanyavyo mnyama mwenye kwato ngumu. Lama huweza kufikia uzito wa kilo 130 hadi 200, na kazi yake ya asili ni kubeba mizigo. Alpaka ni mdogo zaidi, na hufugwa hasa kwa ajili ya manyoya yake. Wote wawili walianza kufugwa katika nyanda za juu za Andes yapata miaka 6,000 hadi 7,000 iliyopita, na dola ya Wainka iliendesha uchukuzi wake kwa migongo ya lama katika mtandao wa barabara wa takribani kilomita 30,000, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2014.

Jina lenyewe linastahili kuangaliwa na mwanaisimu. Katika Kikechua na Kihispania, neno hili huanza kwa sauti inayokaribia "ly" au "y". Laiti Kiswahili kingelikopa kwa sikio, huenda leo tungesema "yama". Kilikopa kwa jicho, kupitia maandishi ya Kiingereza, kikaipunguza "l" moja na kubaki na "lama", ambalo tayari lilikuwa jina la kiongozi wa dini wa Kitibeti. Hakuna madhara makubwa. Upatanisho wa kisarufi unawachukua wote wawili katika ngeli ya viumbe wenye uhai, na muktadha utaamua yupi anacheua.

Katika matembezi, kila mgeni hukabidhiwa mnyama mmoja. Huonyeshwa namna ya kusimama ubavuni mwake na kuiacha kamba ilegee kidogo, kwa kuwa lama akivutwa hugoma. Huonywa asimshikeshike kichwani. Wanyama hawa hawapendi upweke, hivyo huenda kwa kundi, wakitoa sauti ndogo ya kuguna. Akikasirika hutema mate, ingawa mara nyingi humtemea mwenziwe wala si binadamu. Mwendo ni wa polepole, maana mnyama husimama kula na mtu husimama naye. Hapo ndipo penye siri ya shughuli yenyewe. Wageni hulipia upole wa mwendo, na mnyama ndiye anayeuweka.

Mabega badala ya migongo

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili akielezwa habari za msafara wa lama hukumbuka misafara mingine. Lama mzima hubeba kilo 25 hadi 30 katika safari ndefu. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Tabora kwenda Bagamoyo alibeba takribani frasila mbili, yaani zaidi kidogo ya kilo 30, mbali na vyombo vyake mwenyewe. Kwa lugha nyingine, kilichobebwa na mnyama kule Andes, huku kilibebwa na mtu.

Sababu haikuwa ukosefu wa akili ya kufuga. Sababu kubwa ilikuwa mbung'o. Mwaka 1866 David Livingstone alipanda kando ya mto Ruvuma akiwa na ngamia, nyati wa kufugwa kutoka India, nyumbu wa mizigo na punda. Karibu wote wakafa. Mwaka 1879, kwa gharama ya mfalme wa Ubelgiji, tembo wanne waliofunzwa India waliteremshwa Msasani ili wajaribiwe kubeba mizigo kuelekea bara. Jaribio hilo nalo halikufika mbali. Baada ya kila jaribio, mzigo ulirudi palepale, begani kwa mpagazi. Hata Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipofika, jeshi lilitegemea wachukuzi wa kulazimishwa, ambao kumbukumbu yao imebaki katika majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wanunuzi wengi wa viatu na vitenge katika masoko hayo hawana habari kwamba wanatamka jina la kikosi cha wapagazi.

Kutokana na hali hiyo, msamiati wetu wa kwenda njia ndefu na mizigo ni msamiati wa watu. Kirangozi alitangulia na bendera au ngoma, akiijua njia na vituo. Mnyapara aliwasimamia wapagazi. Posho ilikuwa chakula cha njiani, na hongo ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtawala fulani. Inafaa kuzingatia yaliyoyapata maneno haya. Hongo imeteremka ikawa rushwa. Posho imeingia ofisini ikawa malipo ya vikao. Mnyapara amehamia mashambani: katika Kenya ya kikoloni, na baadaye, "nyapara" akawa msimamizi wa vibarua, na neno hilo halijawa geni katika mashamba makubwa ya Bonde la Ufa. Kirangozi peke yake ndiye aliyefifia, nafasi yake ikachukuliwa na kiongozi, ambaye naye siasa imemteka.

Vilevile, simulizi za misafara zilizoandikwa kwa Kiswahili, kama zile alizozikusanya Carl Velten katika Safari za Wasuaheli (1901), au tawasifu ya Tippu Tip, hazikawii kwenye mandhari. Msimulizi hueleza walipolala, maji yalikokuwa, hongo waliyotozwa na waliokufa njiani. Wapo wahakiki watakaouona huo kuwa upungufu wa kisanaa. Tathmini hiyo si ya haki. Mandhari ni anasa ya asiyebeba kitu, na nchi iliyopitwa na msafara wenye mizigo haina budi kuonekana kwanza kuwa kiu na gharama.

Katika nchi ya chai

Kericho iko kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, aghalabu alasiri, na mara kwa mara huja na mawe yanayoyachana majani ya chai. Kwa hiyo matembezi huanza asubuhi. Kwa miaka mingi wageni walianzia katika Hoteli ya Chai, iliyojengwa na kampuni ya Brooke Bond katika miaka ya 1950, na kuongozwa kwenye mashamba yaliyo jirani. Mashariki ya mji kuna bustani ya miti ya Chagaik na bwawa lake, mahali pa kuwatazama mbega. Upande wa Bomet, njia hupanda na kushuka katika vilima vya Konoin na Bomet ya Kati, na mwenye nguvu za miguu huweza kufika maporomoko ya Tenwek katika mto Nyangores, unaopeleka maji yake Mara.

Anachokiona mgeni kwanza ni usawa. Vichaka vya chai vimekatwa vikawa kama meza moja ya kijani isiyo na mwisho. Kiongozi mzuri huanzia hapo, kwa kueleza kwamba mchai ukiachwa hukua ukawa mti, na kwamba meza ile ni kazi ya mikono. Kinachochumwa ni majani mawili na chipukizi, na kichaka kile kile hurudiwa kila baada ya wiki moja au mbili. Jani likifika kiwandani hunyaushwa, hukatwakatwa na kusagwa, huachwa ligeuke rangi, hukaushwa, kisha huchambuliwa kwa ukubwa. Mikaratusi iliyosimama pembezoni si pambo. Ni kuni za kukaushia. Na ule ukanda wa chai unaopakana na msitu wa Mau ni wa Maeneo ya Chai ya Nyayo, yaliyoanzishwa mwaka 1986 ili chai iwe ua wa kuuzuia uvamizi wa msitu.

Hadi hapo maelezo hayana ubishi. Ugumu huanza mgeni anapouliza swali jepesi: mashamba haya ni ya nani?

Jibu lina tabaka nyingi. Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903. Katika Kericho, ardhi ya Wakipsigis ilitwaliwa na serikali ya kikoloni, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza sehemu yake ikatengewa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, ambao walijaribu kulima kitani wakashindwa. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaingia na chai. Mwaka 1934 ilitungwa sheria mahsusi ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, waliokuwa na mamlaka ya kiroho miongoni mwa Wakipsigis. Takribani watu 700 wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, mahali penye malale. Ni kejeli chungu: mbung'o yule yule aliyewaua wanyama wa misafara ndiye aliyewangoja watu hao ugenini. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali kwamba Wakipsigis na Watalai walidhulumiwa, na mwaka 2022 malalamiko yao dhidi ya Uingereza yakapelekwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Kando ya mashamba hayo makubwa yapo ya wakulima wadogo, ambao tangu mwaka 1964 wamepeleka majani yao kwenye viwanda vilivyosimamiwa na KTDA, iliyokuwa mamlaka ya serikali hadi ilipogeuzwa kampuni mwaka 2000. Litein, Momul, Mogogosiek na Kapkoros ni baadhi ya viwanda hivyo. Mgeni asiyeelezwa tofauti hii huondoka akidhani chai yote ni ya mwenye shamba mmoja.

Kisha yapo ya juzi. Mashine za kuchumia zimechukua nafasi ya mikono mingi, na mwezi Mei 2023 maandamano ya kuzipinga yalizuka Kericho, baadhi ya mashine zikachomwa moto. Mwaka huo huo mashamba ya James Finlay yaliuzwa kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba kampuni hiyo inayanunua pia yale yaliyokuwa ya Unilever.

Je, kiongozi wa matembezi anaweza kuyasema hayo? Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Kirangozi wa msafara aliongoza katika nchi za watu wengine kwa kulipa hongo. Alijua, na wote walijua, kwamba ardhi ina mwenyewe. Kiongozi wa leo hupita shambani kwa idhini ya kampuni, na mara nyingi ni mtoto wa kijiji ambacho wazee wake waliambiwa wahame. Akinyamaza, matembezi yanakuwa picha nzuri. Akisema yote, huenda asiruhusiwe kupita tena. Baina ya kunyamaza na kusema yote kuna ufundi wa msimulizi, na wanafunzi wa fasihi simulizi wangefaa kuusikiliza papo hapo njiani, kama wanavyozisikiliza ngano na mivigha. Kuna lugha ya kuonyesha kwa kidole bila kushtaki: "Hapa paliitwa hivi kabla ya kuitwa shamba namba fulani." Jina la mahali likitajwa kwa Kikipsigis, nusu ya historia imekwisha kusemwa.

Isitoshe, istilahi ya kazi hii haijatulia. Tanzania husemwa mwongoza watalii. Kenya husemwa pia mtembeza watalii, neno ambalo lina kasoro ya kumfanya mgeni kuwa kama mtoto anayetembezwa. Kule Unguja, anayewafuata wageni bila leseni huitwa papasi, jina la mdudu afyonzaye damu. Neno hilo lina dhihaka, na hakuna aliyelibuni kwa kamati.

Punda, shogi na hatamu

Tuseme sasa mtu wa Bomet anataka kuanzisha matembezi ya namna ile ya ng'ambo. Amlete lama? Mwinuko ungemfaa, ila mnyama huyu ni wa nyanda kavu zenye baridi, na manyoya yanayolowa kila alasiri pamoja na matope ya Kericho si mambo ya kumtakia. Ngamia amethibitika katika matembezi ya Laikipia na Samburu, na Garissa amebeba hata vitabu, tangu Maktaba ya Taifa ilipoanzisha huduma ya maktaba ya ngamia mwaka 1996. Naye pia ni wa ukavu. Anayebaki ni punda, ambaye hahitaji kuletwa. Yupo, hasa sehemu kavu zaidi za Chepalungu, akibeba mitungi ya maji, magunia ya mahindi na maziwa ya asubuhi. Wakipsigis humwita sigiriet. Ukweli ni kwamba hata yeye hapendi mvua, kwani manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi, na kwato zake huharibika kwenye matope. Lakini wenyeji wanalijua hilo na wanamwezekea kibanda.

Kwa miaka, punda si mdogo kwa lama. Utafiti wa kijenetiki uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba alianza kufugwa Afrika Mashariki yapata miaka 7,000 iliyopita. Hata hivyo, Kiswahili kimemtendea vibaya. Punda afe, mzigo wa bwana ufike. Shukrani ya punda ni mateke. Si methali tu. Kuanzia mwaka 2016 Kenya ilitoa leseni za vichinjio vya punda, vikafika vinne, kimojawapo kikiwa Mogotio, Baringo, si mbali sana na nchi ya chai. Ngozi zilikwenda Uchina kutengenezewa dawa, na wizi wa punda ukaenea. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8, ile ya mwaka 2019 ilihesabu milioni 1.2 hivi. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku mwaka 2021, na mwaka 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kusitisha biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15.

Punda ana heshima yake ya kimsamiati huko Lamu, ambako vichochoro havipitishi gari na ambako zahanati ya punda imekuwapo tangu mwaka 1987. Waswahili wa pwani wana shogi, yaani mfuko mpana wa mkeka unaolazwa mgongoni mwa punda, ukining'inia pande mbili. Wana hatamu, kamba ya kumwongozea mnyama, na lijamu, chuma cha kinywani. Maneno haya yamo kamusini, na wanafunzi wengi wa bara huyapitia bila kuyashika, kwa kuwa hawajamwona punda aliyetandikwa. Hatamu hasa imepotelea katika siasa: chama hushika hatamu, na vijana huhimizwa kushika hatamu za uongozi, hali msemaji na msikilizaji wote hawana kamba wala mnyama akilini.

Matembezi ya Bomet yangeweza kuirudisha kamba hiyo mkononi. Mwenye punda angelipwa kwa siku, kwa kuwa ndiye mwenye mali. Mgeni angebeba nguo zake za mvua, na shogi lingepimwa kabla ya kuondoka ili lisizidi. Kiongozi angetangulia, akisema kwa Kiswahili kisichohitaji fasiri: shika hatamu, usiivute, simama ubavuni, punda anaijua njia. Na wakifika penye meza ile ya kijani na mgeni kuuliza mashamba ni ya nani, punda atakuwa ameinama kula majani ya kando ya njia, na wote watalazimika kusimama kwa muda unaotosha kusikia jibu refu.